Barua kwa Mama Zuhura kuhusu Banda la Gari

Raskazone, Tanga
14 Mei 2023

Mama Zuhura mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma, wewe, shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua za masika bado zinanyesha, nguo hazikauki kwenye kamba, na chumvi ya mezani imeshikana kwenye kikopo kama ilivyo kawaida ya mji wetu huu wakati wa kusi.

Nimeipokea barua yako pamoja na mchoro aliouchora shemeji wa namna mnavyokusudia kulipanga banda la gari la nyumba yenu mpya ya Iyumbu. Nimeutazama mchoro huo jioni mbili mfululizo, na jioni ya pili nilitoka nao hadi bandani kwetu, nikasimama katikati nikiulinganisha na kuta zetu. Karibu kila kitu kilichochorwa humo, yaani rafu pande tatu, kulabu za darini, ubao wa zana na maboksi yaliyopangwa kwa majina, sisi tumewahi kukifanya katika miaka hii tisa tangu tuhamie, na karibu chote tumekibomoa. Kwa hiyo nakuomba fundi asitoboe ukuta hata tundu moja kabla wewe na shemeji hamjaisoma barua hii mpaka mwisho.

Naanza na rafu, kwa kuwa ndizo zitakazokula fedha nyingi. Shemeji ameandika kwamba banda lina upana wa mita 3.2, na kwamba rafu zitatoka ukutani sentimita 50 kila upande. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Ukiondoa mita moja ya rafu za pande mbili, zinabaki mita 2.2, na gari la kawaida la familia lina upana unaokaribia mita 1.8 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Zinabaki sentimita 40 za kugawana kulia na kushoto, ambazo ni sentimita 20 tu kila upande. Hapo hata mtoto hawezi kuufungua mlango akatoka, na wewe unayebeba mtoto mgongoni na mfuko wa sokoni mkononi hutaweza kabisa. Kwetu ilitokea vivyo hivyo, ila banda letu ni jembamba zaidi. Miezi miwili tu baada ya rafu kukamilika gari lilianza kulala nje chini ya mwembe, na likalala huko miaka minne, likipigwa jua mchana na umande wa chumvi usiku, huku banda lililojengwa kwa ajili yake likihifadhi makopo ya rangi iliyokauka na viti vilivyovunjika miguu.

Hata pale ambapo nafasi inatosha, rafu pana haifai. Kitu kilichowekwa mbele hukificha kilichowekwa nyuma, na baada ya mwezi mmoja mwenye nyumba husahau kabisa kwamba nyuma kuna kitu. Mwaka mmoja Baba Idrisa alinunua koki ya bomba mara tatu, kwa sababu kila ilipohitajika hakuiona, na tulipoivunja ile rafu tulizikuta mbili za kwanza zimelala nyuma ya debe la chokaa, zikiwa bado kwenye mifuko yake ya dukani. Sasa rafu zetu zina upana wa sentimita 30 tu, ziko ukuta mmoja, na kila kitu kimesimama kwenye mstari mmoja kinachoonekana tangu mlangoni. Tulipoteza nusu ya nafasi ya kuwekea vitu, na tangu siku hiyo hatujawahi kununua kitu mara mbili.

Jambo la maboksi nitalieleza kwa kirefu, nawe univumilie, maana hili liliniumiza moyo.

Unakumbuka kwamba marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa seremala Pangani. Alipofariki, kaka zangu walikubali mimi nichukue zana zake za mkono, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimshikia mbao tangu nikiwa mdogo. Kulikuwa na randa mbili, keke, patasi sita za ukubwa tofauti, msumeno na nyundo yake. Nilizifunga kwenye magazeti, nikazipanga ndani ya boksi gumu, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, "Zana za Baba", kisha nikaliweka bandani, chini ukutani, na mbele yake yakaja maboksi mengine manne ya vitabu na vyombo. Niliona kwamba nimezitunza vizuri, kwa kuwa zilikuwa na jina na mahali pake.

Aprili ya mwaka wa pili mlango wa chumba cha watoto ulianza kukwama kwa unyevu, nikaenda kuitoa randa niukwangue mwenyewe. Kwa nje lile boksi lilikuwa zima, na maandishi yangu yalisomeka vizuri. Nilipolishika pembeni kulinyanyua, sehemu ya juu ilikuja mkononi, na sehemu ya chini ikabaki sakafuni, imeshikana na udongo. Ndani hakukuwa na gazeti tena, bali udongo laini wenye unyevunyevu uliojaa kila pembe, na vijia vya mchwa vilivyopanda kutoka kwenye ufa wa sakafu mwembamba ambao hata ukucha haungeingia. Mpini wa nyundo, ambao ulikuwa wa mti wa mwembe, ulibaki ganda tu, nikaufinya kwa vidole viwili ukavunjika kama mkate mkavu. Mwili wa randa kubwa, ambao baba aliuchonga mwenyewe kwa msaji, yaani mtiki, wa msitu wa Longuza, haukuguswa, kwa sababu mchwa hauwezi kiini cha msaji uliokomaa, lakini chuma chake cha kukatia kililala kwenye ule udongo wenye maji kwa miezi nisiyoijua idadi, na kutu ilikuwa imekichimba vishimo ambavyo hakuna jiwe la kunolea linaloweza kuviondoa. Niliketi pale pale sakafuni nikalia.

Baadaye fundi mmoja mzee alinieleza kilichotokea. Boksi ni mti uliosagwa ukafanywa karatasi nene, kwa hiyo kwa mchwa ni chakula kilichokwisha kulainishwa. Sakafu ya zege ambayo haikutandikwa nailoni chini yake hupandisha unyevu kutoka ardhini, na boksi likikaa juu yake huunyonya unyevu huo kama utambi unavyonyonya mafuta. Kisha kitu kilichosukumwa hadi kugusa ukuta huufanya mchwa upande bila kuonekana, wakati kazi kubwa ya mwenye nyumba ni kuviona vile vijia mapema, vikiwa bado na urefu wa kidole. Msidhani kwamba ukavu wa Dodoma utawalinda. Mchwa huko upo, na vichuguu mnavipita barabarani kila siku. Kwa hiyo kila kitu kiinuliwe kutoka sakafuni walau sentimita 20, juu ya rafu yenye miguu ya chuma, na nyuma yake ibaki nafasi ya kupitisha ufagio. Sehemu hiyo ya chini iachwe tupu kabisa. Najua itawashawishi kuingiza ndoo na viatu vya mvua, lakini ikijaa hamtaona tena sakafu inakutana wapi na ukuta, na mchwa hupenya hapo.

Umeniuliza kama ni bora ununue matenga ya plastiki yenye vifuniko badala ya maboksi. Kwa Dodoma nakujibu ndiyo, kwa sababu vumbi la huko wakati wa upepo wa kiangazi huingia kila mahali na kifuniko kitakusaidia. Kwetu hapa pwani yametuangusha kwa namna nyingine. Tulifunga ndani yake mahema ya watoto na turubai ambalo kwa mkono lilionekana limekauka, na baada ya miezi mitatu tukakuta ukungu mweusi na harufu ambayo haikutoka hata kwa kufua mara mbili, kwa kuwa unyevu mdogo uliofungiwa pamoja na joto la bati hauna pa kwenda. Kitu kifungwe siku ya jua kali, kikiwa kimeanikwa tangu asubuhi. Kisha chagueni matenga yanayopitisha mwanga, mwone kilichomo bila kufungua, na msiyapange zaidi ya mawili kwenda juu. Sisi tuliyapanga matano. Kila tulipotaka kitu cha tenga la chini kabisa tulipaswa kushusha manne, na siku ya kukirudisha hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushusha manne tena, basi kikaachwa juu, na chenzake kikaachwa juu, mpaka yale majina niliyoyabandika ubavuni yakawa hayana ukweli wowote.

Nikigusia majina, tenga lolote litakaloandikwa "Vitu Mbalimbali" mlikatae mapema. Tulikuwa na moja, yakazaliwa matatu, na mpaka leo sijui kwa hakika kilichomo katika moja lao.

Ule ubao wa zana ambao shemeji ameuchora vizuri sana, wenye kivuli cha kila zana kilichopakwa rangi ili ijulikane ipi haipo, sisi tuliutengeneza kwa mbao nyembamba zilizotobolewa matundu, zile zinazoshindiliwa kutokana na unga wa mti. Ulipendeza mno, na wageni walipelekwa kuutazama. Mvua za vuli zilipofika ubao ulivimba, matundu yakalegea, na kulabu zikawa zinatoka pamoja na zana kila mtu alipovuta kitu. Huko kwenu hautavimba namna hiyo, lakini kuna kasoro moja isiyotegemea hali ya hewa. Ubao ule una mahali pa zana mlizo nazo siku ulipochorwa, na hauna mahali pa spana itakayonunuliwa mwezi ujao. Spana hiyo italala juu ya meza, na kitu kimoja kikilala juu ya meza vingine hufuata. Tena mtu anayekwenda kutengeneza bomba hahitaji zana zote za ukutani, anahitaji nne au tano zinazokwenda pamoja. Kwa hiyo sisi sasa tuna ndoo za kazi. Ndoo moja ni ya bomba, ina spana kubwa, utepe mweupe wa kuzibia, koki ya akiba na msumeno wa chuma. Nyingine ni ya umeme, na nyingine ya bustani. Baba Idrisa huichukua ndoo, huenda nayo mpaka mahali pa kazi, na akimaliza vitu vyote vinarudi ndani ya ndoo ile ile kwa sababu iko miguuni pake. Katika mipango yote tuliyowahi kuijaribu, huu ndio pekee ambao hata Idrisa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anaufuata bila kukumbushwa.

Kuhusu kulabu za darini sitasema mengi. Dari yenu ni ya jipsamu, na jipsamu haina nguvu ya kubeba baiskeli hata mkitumia fisha za aina gani. Skrubu lazima ifike kwenye mbao za kenchi, na fundi azitafute mbao hizo kabla ya kutoboa, asikisie. Kwetu kulabu moja iling'oka usiku pamoja na kipande cha dari chenye ukubwa wa sinia, na baiskeli ikaangukia boneti ya gari. Kitu kinachofaa kukaa juu ni kile chepesi kinachohitajika mara moja kwa mwaka, na hata hicho kisiwe cha nta wala plastiki laini, maana joto la chini ya bati huviharibu.

Sasa nafika kwenye kona ya kulia ya mchoro, na hapa nakuomba umwite shemeji msome pamoja. Amechora rafu ya chini ya kuweka dumu la petroli ya jenereta, pembeni yake mtungi wa akiba wa gesi ya kupikia, na hatua moja kutoka hapo ameweka friza. Mpango huo usikubalike hata kwa siku moja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki juu dirishani kama moshi, bali hushuka na kutambaa sakafuni hadi unapokuta cheche, na gesi ya mtungi nayo ikivuja hufanya hivyo hivyo. Friza huwaka na kuzima yenyewe mchana na usiku, na kila inapowaka inaweza kutoa cheche ndogo ndani ya swichi yake. Mmeweka vitu hivyo vitatu kwenye chumba kimoja, kinachopakana na chumba anacholala Zuhura. Mtungi wa gesi ukae nje, umesimama wima, mahali penye kivuli na hewa inayopita. Petroli iwekwe kidogo tu, kwenye chombo kilichotengenezwa kwa ajili yake, nje ya nyumba, katika kijibanda chenye matundu ya hewa chini na juu, ambako watoto hawafiki. Na petroli haifai kuwekwa muda mrefu hata hivyo, kwa kuwa ikikaa miezi mingi huacha utomvu ndani ya kabureta, na jenereta hukataa kuwaka usiku ule ule umeme ulipokatika.

Jenereta yenyewe isiwashwe ndani ya banda, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Hapa mtaani kwetu hatujapatwa na msiba huo, lakini mimi mwenyewe nilimkuta Baba Idrisa ameiwasha bandani usiku wa mvua akiogopa isilowe, naye alikuwa ameketi kwenye kizingiti akilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Nilimtoa nje kwa kumvuta mkono. Tangu siku hiyo jenereta ina kipaa chake cha bati nje, mbali na madirisha.

Dawa za kuulia wadudu wa bustani zibaki katika chupa zake zenye maandishi, na ziwe kwenye kabati lenye kufuli. Usikubali mtu yeyote azimimine kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa kwa sababu ya kubana nafasi. Unao watoto wa rika la kushika kila kitu, hili sihitaji kukueleza zaidi.

Umesema pia kwamba kuna mifuko minane ya saruji iliyobaki ya ujenzi na mnataka kuihifadhi bandani. Saruji huvuta unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko wake, na kadiri inavyokaa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Nyumba mmeshaimaliza, kwa hiyo saruji hiyo mpeni jirani anayejenga, au muitumie sasa kutengeneza njia ya kupita kutoka banda hadi jikoni. Sisi tulihifadhi mitano, ikawa mawe matano yenye umbo la mito ya kulalia.

Kabla fundi hajarudi, fanyeni jambo moja Jumamosi hii. Toeni kila kitu bandani, ingizeni gari kama mnavyoliingiza siku zote, kisha fungueni milango yote minne na mlango wa nyuma, na wewe utoke ukiwa na mtoto mgongoni. Shemeji apite na chaki akichora sakafuni mahali milango inapofika na mahali miguu yako inapokanyaga. Nafasi itakayobaki nje ya mstari wa chaki ndiyo pekee mnayoweza kuipangia rafu, na nadhani mtaona kwamba ni ukuta wa nyuma tu, pamoja na kipande kifupi cha upande wa abiria. Mniandikie vipimo hivyo, na Baba Idrisa atawachorea rafu ya chuma kama hii yetu, pamoja na idadi ya vyuma vya kununua, ili fundi asiwazidishie.

Shule zikifungwa Desemba nitakuja huko, inshallah. Nitakuja na randa ya baba. Chuma chake kipya tulikipata kwa fundi wa hapa mjini na kinakata vizuri, na mwili wake wa msaji bado ni ule ule. Nyumba yenu ni mpya na mbao za milango hazijatulia, kwa hiyo mvua za kwanza za Dodoma zikishanyesha, mlango mmoja au miwili itaanza kukwama. Msiwaite mafundi. Tutaikwangua mimi na wewe.

Mnisalimie shemeji, na mwambie kwamba mchoro wake nimeuheshimu, ndiyo maana nimeujibu kona kwa kona. Zuhura na wadogo zake wapokee busu zangu.

Wako akupendaye,
Mama Idrisa